Daktari wa Wadelai na araki ya Kibera

Ukishuka matatu pale Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong, una njia mbili mbele yako. Ya kwanza ni kuambaa na barabara hiyo hiyo kuelekea magharibi, ambako katika miaka ya karibuni yamezuka mabaa ya kileo, kwa maana zote mbili za neno hilo, ambamo wenye baa huchemsha bia yao wenyewe badala ya kununua ya kiwandani, na mteja huonyeshwa matangi nyuma ya kioo kama aonyeshwavyo samaki. Njia ya pili ni kuingia nyuma ya maduka, upite Soko la Toi na nguo zake za mitumba, ukamate njia ya kuteremkia Kibera hadi Makina, penye msikiti wa Wanubi.

Mhariri alinituma njia ya kwanza. Alitaka makala juu ya bia mpya za Nairobi, nami nikamwambia kwamba amemtuma kiziwi akasikilize taarabu. Mimi ni mtoto wa chuo, nimekulia mbele ya msahafu na fimbo ya mwalimu, na kwa miaka yangu hamsini na kitu sijaonja hata tembo la mnazi, ambalo kwetu Pwani halikosekani hata siku moja. Hata hivyo nilikwenda. Niliagiza maji ya ukwaju, sikuyapata, nikanywa soda. Niliona vijana wenye kompyuta zao wakilipia bilauri moja ya bia fedha ambazo zingenunua kilo kadhaa za unga. Nilielezwa habari za shayiri, za hamira, na za maua machungu yanayotoka ng'ambo. Karibu na mwaka 2010, katika barabara hii hii ya Ngong, Brew Bistro walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuleta mtindo huo, na wengine wakafuata.

Bia ya kiwandani nayo ina historia yake, ambayo Nairobi nzima yaijua. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao, huko Ruaraka. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu mawindoni, na jina la ndovu likabandikwa kwenye chupa. Hadithi hiyo imesimuliwa hata imechosha.

Lakini Nairobi ilikuwa na kinywaji chake kingine, ambacho hakikubandikwa karatasi wala ndovu. Kilitoka huko bondeni nyuma ya Adams Arcade, kikauzwa kwa siri kote mjini, na Wazungu wakakiita jini ya Kinubi. (Neno hili lisimtie hofu msomaji, si jini wa kupunga.) Leo twaita chang'aa. Wenyewe Wanubi waliita araki, na aliyesoma Kiarabu kidogo atajua kwamba neno hilo maana yake ni jasho, kwa kuwa mvuke hutoka chunguni ukadondoka tone tone kama jasho la mtu mwenye homa. Ndugu zao wa Uganda walilitamka waragi.

Hapa yanipasa kuungama. Nilipokuja Nairobi mara ya kwanza, katika miaka ya 1990, nilisali Ijumaa moja msikiti wa Makina. Baada ya sala mzee mmoja wa Kinubi, aliyeniona mgeni, alinishika mkono akaniomba twende kwake tukale. Nilimdanganya kwamba nimealikwa kwengine. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeyabeba maneno ya barazani kwetu, kwamba Wanubi ni Waislamu wa chupa, na kwamba chakula chao huenda kimenunuliwa kwa fedha za araki. Mzee hakusema kitu. Aliniombea dua ya safari, akaenda zake polepole na fimbo yake. Sikupata kumwona tena.

Basi safari hii, badala ya kukaa na bilauri za watu, niliamua kutafuta Wanubi wametoka wapi na araki yao. Njia hiyo ilinipeleka kwa mtu mmoja ambaye wasomaji wa Pwani, hasa wa Bagamoyo na Unguja, wamelisikia jina lake tangu utotoni: Emin Pasha.

Hakuzaliwa Emin wala hakuzaliwa Pasha. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, akaitwa Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baba alikuwa mfanyabiashara, akafa mtoto akiwa mdogo. Mama akaolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa. Alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1864, lakini hakupata idhini ya serikali ya kufanya kazi hiyo kwao. Akaondoka bila ya makeke, akaenda kujitafutia riziki katika dola ya Uturuki. Alipata kazi ya daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, kwenye pwani ya Adriatiki, na huko akajifunza lugha kama watu wengine wakusanyavyo vitambara. Kituruki, Kiarabu, Kialbania, Kiserbia, vyote vilimwingia.

Baadaye akaingia katika nyumba ya Pasha mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki, aliyekuwa gavana. Pasha alipofariki, daktari alimchukua mjane wake pamoja na watoto na vijakazi, akawapeleka kwa jamaa zake Ujerumani mwaka 1875. Halafu siku moja akatoka, hakurudi. Alimwacha mama yule na watu wote wale mikononi mwa ndugu zake, katika mji wasioujua lugha yake. Wanaomsifu Emin hupita hapa mbio. Mimi nimesimama kidogo, kwa sababu tabia hii ya kuondoka na kuwaacha watu tutaiona tena.

Mwisho wa mwaka huo alikuwa Khartoum, na jina lake sasa ni Mehemed Emin. Gordon, aliyetawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Khedivu wa Misri, alimwita kusini awe daktari wake, kisha akawa anamtuma ujumbe kwa Mutesa wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1878 alifanywa gavana wa jimbo lenyewe.

Je, alikuwa Mwislamu kweli? Sheikh wangu mmoja alikuwa akisema hivyo kwa fahari. Emin alisali na watu, aliijua Kurani, alioa mwanamke wa Kihabeshi akazaa naye binti aliyeitwa Ferida. Lakini tangu zamani za Albania alikwisha kumwandikia dada yake asiwe na hofu, kwamba alichobadili ni jina tu. Yaliyomo vifuani ayajua Mwenyezi Mungu. Nisemalo mimi ni kwamba askari wake walimwona anasujudu, nao wakamwamini.

Na askari hao ndio habari yetu. Walikuwa watu wa Sudani ya kusini na ya magharibi, wengi wao wametwaliwa utumwani wakiwa watoto, wakatiwa jeshini, wakasilimu, wakazungumza Kiarabu cha kambini ambacho baadaye kiliitwa Kinubi. Kwao kulikuwa na merisa, pombe nzito ya mtama ambayo haikuhesabiwa ulevi bali chakula. Jeshi la Misri na Uturuki likawaongezea ufundi wa kukeneka araki. Mtu mwenye mtama, chungu na mwanzi hakosi araki. Wageni waliofika baadaye kwa Emin waliwakuta maofisa wake wakinywa mchana kutwa, na gavana mwenyewe, aliyeishi kwa kahawa na vitabu, hakuwa na uwezo wa kuwazuia.

Mwaka 1881 Mahdi alisimama Sudani, na mwaka 1885 Khartoum ikaanguka, Gordon akauawa. Emin akakatwa na dunia. Hapakuja meli, hapakuja barua, haukuja mshahara. Alihamia kusini, Wadelai, kando ya Mto Nile, na hapo likatokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo bora katika maisha yake. Mtu huyu mwembamba, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na macho yasiyoona mbali, aliwafanya watu wake waishi bila ya kitu kutoka nje. Walilima pamba wakafuma nguo zao. Walitengeneza sabuni na viatu. Kahawa ilipokwisha walikaanga mbegu za mimea wakainywa hiyo. Yeye mwenyewe aliandika habari za hewa na lugha, akakusanya ndege kwa mamia, akiwachuna na kuwaweka pamba tumboni, hali maadui wamemzunguka pande tatu.

Ulaya iliposikia kwamba yu hai, ikashikwa na wazimu wa kumwokoa. Fedha zikachangwa Uingereza, na Stanley akapewa kazi hiyo. Mwezi wa Februari 1887 alipita Unguja, akachukua wapagazi zaidi ya 600, watoto wa watu wa Pwani hii, akamchukua na Tippu Tip, akawapakia wote merikebuni kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Mto Congo. Kwa nini aende mbali hivyo wakati njia ya Bagamoyo ilikuwepo, hilo ni jambo la siasa na mapato ya Mfalme Leopold. Wapagazi walikufa msituni kwa njaa, kwa mishale, kwa ndui. Unguja na Mrima ziliwalilia watu ambao makaburi yao hayajulikani hadi leo.

Walipokutana mwisho wa Aprili 1888, kando ya Ziwa Albert, ilikuwa kichekesho. Muokozi alikuwa amevaa matambara, na muokolewa alikuwa amevaa nguo safi zilizopigwa pasi. Stanley alitoa chupa ndogo chache za champagne alizozibeba msitu mzima, wakanywa afya. Halafu Emin akawapa waokozi wake nguo na chakula.

Hakutaka kuondoka. Askari wake pia hawakutaka. Walihisi, na hawakukosea sana, kwamba wanatolewa kwenye nchi yao ya kulea wake na watoto ili wapelekwe wasikokujua. Mwezi wa Agosti 1888 maofisa waliasi wakamfunga Emin huko Dufile, pamoja na kijana wa Stanley aitwaye Jephson. Ni mashambulizi ya watu wa Mahdi ndiyo yaliyomfungua. Mwezi wa Aprili 1889 msafara wa watu kama 1,500 ulianza kwenda pwani. Selim Bey, mmoja wa maofisa wakubwa, alirudi kuwakusanya wenzake, akaomba asubiriwe. Stanley hakumsubiri, na Emin hakulazimisha.

Tarehe 4 Desemba 1889 walifika Bagamoyo. Katika watu wa Emin waliotoka ziwani, ni kama nusu tu waliofika. Wengine walikufa, wengine waliachwa njiani. Usiku huo Wajerumani waliandaa karamu kubwa katika nyumba ya ghorofa. Mvinyo ulimiminwa, hotuba zikatolewa, na Emin, ambaye twaambiwa hakuonekana kuwa na furaha namna ile kwa miaka, alitembea kutoka mgeni mmoja hadi mwingine. Kisha akaingia chumba cha pili, akakiendea kidirisha kifupi akidhani ni mlango wa baraza. Akaanguka chini, akapasuka kichwa. Wako waliosema ni mvinyo, wako waliosema ni macho yake mabovu. Nilipokuwa mtoto nilisimuliwa kisa hiki kama onyo juu ya ulevi. Sasa nikijua ni watu wangapi alikuwa amewapoteza njiani, nashindwa kumcheka mtu aliyekunywa usiku ule.

Alilala hospitali ya Bagamoyo majuma mengi. Stanley alikwenda zake Ulaya kupokea makofi. Ferida alipelekwa Ujerumani kulelewa na shangazi yake. Emin alipopona hakwenda Misri wala Ulaya. Aliingia kazi ya Wajerumani, akarudi bara mwezi wa Aprili 1890, akapandisha bendera Tabora, akajenga kituo cha Bukoba. Kisha akaendelea kaskazini bila ya kuruhusiwa, kama mtu anayekitafuta kitu alichokisahau.

Alikipata. Katikati ya mwaka 1891, kusini ya Ziwa Albert, alikutana na Selim Bey na askari wake wa zamani, wale walioachwa. Aliwaambia wamfuate. Wachache walikubali. Wengine wakamjibu kwamba wao ni askari wa Khedivu, naye sasa ni mtu wa Wajerumani. Fikiri, msomaji: watu hawa hawakupokea mshahara kwa miaka, bendera yao imekuwa tambara, na bado wanamwambia gavana wao kwamba kiapo hakibadiliki. Emin akageuka magharibi, akaingia msitu wa Congo na ndui ikiwa ndani ya msafara wake.

Aliuawa Oktoba 1892, akiwa karibu kipofu, kwenye kijiji cha mtu aitwaye Kinena. Askari wake walitumwa migombani wakatafute chakula, bunduki wakiziacha nyuma. Yeye alikuwa amekaa mezani na mikusanyo yake. Watu wa Kibonge, mmoja wa mabwana wa Kiarabu na Kiswahili waliotawala huko juu, walimshika mikono wakamchinja. Alikuwa na umri wa miaka 52. Wabelgiji walimpiga Kibonge risasi baadaye. Sisi wa Pwani hatupendi kukumbushwa kwamba wauaji walikuwa watu wa lugha yetu na dini yetu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Selim Bey naye? Miezi michache baada ya kuachana na Emin, alifika kwake Mwingereza Lugard, akitafuta askari wa kuishika Uganda. Selim alikubali kwa sharti kwamba Khedivu aridhie. Wakatoka askari kama 600 wenye silaha, na nyuma yao maelfu ya wake, watoto na watumwa. Mwaka 1893 Waingereza walimshutumu Selim kwamba ameegemea upande wa Waislamu wa Buganda, wakamkamata, wakampeleka pwani hali mgonjwa. Akafia njiani, Naivasha. Mwaka 1897 askari hao hao, waliochoshwa na safari na ujira duni, waliasi, na uasi huo ukazimwa kwa damu. Waliobaki na waliofuata wakaingia jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902.

Wanubi wa Kibera basi ni watoto wa askari wa KAR, baadhi yao wa kundi la Emin na Selim, wengine wa makundi yaliyoajiriwa Misri na Sudani. Jeshi liliwapa wastaafu wake vipande vya ardhi nje ya Nairobi, msituni, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa kuwa eneo la jeshi. Wazee wa Kinubi husema daima kwamba shamba lile lilikuwa badala ya pensheni. Lakini hapakuwa na hati. Palikuwa na kikaratasi cha ruhusa ya kukaa tu, na kila serikali iliyokuja ilikisoma itakavyo.

Hapo ndipo araki ilipopata kazi mpya. Mzee hana pensheni, ardhi si yake, kahawa haruhusiwi kupanda. Mkewe au mjane wake ana ufundi alioupata kwa mama yake, naye mama aliupata kambini Wadelai au Dufile. Sheria ya wakoloni ilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali ya Kizungu, na Baraza la Mji likajitwalia ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, faida ikaingia mfukoni mwake. Anayetaka kinywaji kikali aende wapi? Alikwenda Kibera usiku. Kwa sukari guru na unga wa mahindi, na debe na bomba la shaba, wanawake wa Kinubi waliwasomesha watoto, wakajenga nyumba, wengine wakaenda Hija. Wakati wa Vita Kuu ya Pili biashara ilipamba moto, askari wakiwa tele mjini. Polisi walivamia, wakapasua madebe, wakatoza faini, wakarudi mwezi uliofuata.

Sisemi araki ni halali. Najua hukumu yake kama nijuavyo jina langu, na mashekhe wa Kinubi wenyewe waliisema mimbarini. Pia najua kwamba chang'aa imeua na kupofusha watu wengi, hasa ilipotoka mikononi mwa wanawake waliojua kazi ikaingia mikononi mwa wachanganya sumu. Serikali iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti kwa sheria ya mwaka 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kiwanda cha Ruaraka kilianza kuuza bia ya bei nafuu ili kuwavuta wanywaji wa chang'aa, na baadaye ikatengenezwa kwa mtama. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka watu wa Wadelai na merisa yao.

Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hatimiliki ya jumuiya, ekari 288 katika zile elfu nne na zaidi. Ilikuwa imepita karibu karne tangu lile tangazo la 1918.

Nilimaliza siku yangu Makina. Nilisali alasiri, kisha nikauliza habari za yule mzee, lakini sikuwa na jina lake, na wazee wenye fimbo ni wengi. Kijana mmoja alinipeleka kwa bibi yake. Bibi alikuwa amejifunga gurbaba, na ukutani zimetundikwa tabaga za rangi, vile vifuniko vya ukili wanavyofumia chakula. Nilimuuliza kama alisikia jina la Emin Pasha. Akafikiri, akatikisa kichwa. Nikamtajia Selim Bey. Huyo, akasema, ni mzee wetu. Yule ambaye Wazungu walimfia njiani, akimaanisha yeye ndiye aliyekufa mikononi mwao. Akaniuliza kama kaburi lake Naivasha latunzwa. Sikuwa na jibu. Akaleta gurusa na chai ya tangawizi, nami nikala.